Jina la Nne

Saa kumi na moja kasorobo jioni, Nabwile alifunga gunia tupu kiunoni, akachukua sururu na kurunzi, akashika njia ya kupanda pangoni. Ilikuwa Februari 2003, kiangazi kikali. Ng'ombe aliyezaa juma lile alikuwa akilamba ukuta wa jikoni hadi udongo ukabanduka. Mama mkwe wake, Mama Kimeli, alishasema mara tatu kwamba dawa ya ng'ombe huyo ni chumvi ya mlima. Ile ya dukani, kule Saboti, hakutaka hata kuisikia.

Chumvi ya mlima hutoka ukutani mwa pango. Watu huichimba kwa sururu mchana. Ndovu huichimba kwa pembe, giza likiingia. Upande ule wa Mlima Elgon hakuna asiyejua mpango huo.

"Mama, si niende kesho asubuhi?" Nabwile aliuliza.

"Ng'ombe haiwezi ngoja kesho," alisema Mama Kimeli. "Enda, chota, rudi. Usikae huko kama uko kwa shangazi yako."

Chelimo, binti wa Nabwile wa miezi mitatu, alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake. Alinyonya saa kumi. Angetaka tena saa moja. Nabwile alipiga hesabu, akaona muda unatosha.

Kwao ni Kabuchai, kwenye miwa. Aliolewa mlimani na Kimeli, fundi wa matrekta aliyeshinda Kitale na kuja nyumbani Jumamosi. Kisabaot, lugha ya huko, kilikuwa kimemshinda. Kwa miaka miwili alikuwa ameshika salamu na majina ya mboga tu. Yeye na mama mkwe waliongea Kiswahili.

Pango lilikuwa na mdomo mpana kama ukumbi wa kanisa, maji yakidondoka mbele yake. Babu zake Kimeli waliishi humo na mifugo yao hadi serikali ya wakoloni ilipowatoa. Dari bado lilikuwa jeusi kwa moshi wao. Mafiga yao yalikuwa pale pale walipoyaacha. Nabwile alibisha hodi kabla ya kuingia, kama alivyofundishwa.

Popo ndio waliojibu.

Ukuta wa karibu ulikuwa umechimbwa ukaisha, kwa hiyo aliingia ndani zaidi, hatua sitini au zaidi kidogo. Aliegemeza kurunzi kwenye jiwe, akaanza kazi. Mwamba ulitoka kwa vipande vyeupe. Gunia lilipofika nusu alisimama kunyoosha mgongo.

Harufu ilimfikia kwanza. Samadi mbichi na majani yaliyotafunwa.

Kisha pumzi. Ndefu, nzito...

Aligeuka. Mwanga uliokuwa mdomoni mwa pango haukuwepo tena. Kulikuwa na migongo.

Alizima kurunzi.

Ndovu waliingia bila haraka, wakipapasa njia kwa mikonga. Alisikia mawe yakisukumwa. Alisikia pembe ikikwaruza mwamba, krrr, krrr, kisha meno yakisaga. Alirudi nyuma kwa makalio, kidogo kidogo, hadi akafika kwenye kijichumba cha mwisho chenye mafiga matatu. Mgongo ukagusa ukuta. Nyuma hapakuwa na njia. Mbele kulikuwa na mama ndovu na watoto wao, na mama ndovu mwenye mtoto humkanyaga mtu kwanza.

Alikaa. Hakujua ni kwa muda gani, hadi matiti yalipoanza kuuma. Hapo akajua ni saa moja. Chelimo ameamka. Maziwa yalitoka yenyewe, yakalowesha blauzi. Mkonga mmoja uliacha kupapasa, ukageukia upande wake, ukavuta hewa.

Ukasogea.

Ndipo mtu alipoketi kando yake.

Alisikia magoti yakilia, kama ya mtu mzima anayekaa chini. Alisikia ngozi ya kuvaa ikikunjwa. Ilinuka samli na moshi. Bega liligusa bega lake, na lilikuwa baridi kama lile jiwe la mgongoni.

"Cheptai," mtu huyo alinong'ona, kwa sauti ya kike.

Akanyamaza, kama anayesubiri.

"Chebet."

Akasubiri tena.

"Chelimo."

Nabwile aliyajua majina hayo, na mpangilio wake. Yalikuwa yametajwa nyumbani mwezi wa Novemba, siku ya kumpa mtoto jina. Kwa watu wa Kimeli, wanawake wazee humzunguka mtoto na kuwaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja, kwa zamu yao. Jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo lake. Huyo ndiye aliyerudi.

Siku ile Cheptai aliitwa, mtoto akatulia. Chebet aliitwa, akatulia. Chelimo alipoitwa, Nabwile alimwona Mama Kimeli akipitisha kidole chenye ugoro chini ya pua ya mtoto. Chafya ikatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, na Jelagat, jirani yao, akasema mtoto amechoka na majina ya wazee, ameona afadhali achukue lolote. Nabwile alicheka pamoja nao. Alidhani mama mkwe anaharakisha chai.

"Baada ya Chelimo ni nani?" sauti iliuliza.

Iliuliza kwa Kisabaot. Nabwile alielewa kila neno.

Mama ndovu alipiga hatua mbele. Chini pakatetemeka, vumbi la dari likamwangukia Nabwile kichwani.

"Mlinifikia?"

"Hapana," Nabwile alinong'ona. "Hatukukufikia."

"Hamjawahi kunifikia. Niite."

"Sikujui jina, mama."

Mdomo ulisogea hadi sikioni mwake, ukamwambia. Lilikuwa jina fupi. Mkonga ulikuwa umefika kwenye mafiga, ukigeuza jiwe moja baada ya jingine. Nabwile alimwaza mtoto aliyekuwa akilia nyumbani, bibi akimlambisha maji kwa kijiko. Alifunga macho, ingawa hayakuwa yakiona kitu.

Akalitaja.

Palikuwa kimya. Hata ndovu waliacha kutafuna.

Kisha, gizani, kiasi cha mkono mmoja kutoka usoni pake, mtoto mchanga alipiga chafya.

Mkonga ulirudi nyuma. Mama ndovu aligeuka taratibu, wengine wakageuka naye, na mmoja baada ya mwingine wakatoka. Nyota zilionekana tena mdomoni mwa pango. Nabwile alipapasa kando yake kwa mkono. Hakukuwa na mtu. Gunia na sururu aliviacha huko huko.

Nyumbani alimkuta Mama Kimeli amekaa karibu na taa, mtoto mapajani. Nabwile alimchukua, akampa titi. Alinyonya vizuri. Mama mkwe aliliangalia vumbi kichwani mwake, akaiangalia blauzi.

"Alilia sana," alisema. "Halafu akapiga chafya moja, akanyamaza. Ndiyo nakuuliza. Umeita mtu huko?"

Nabwile alifungua mdomo kulitaja jina. Mama mkwe alimziba kwa kiganja.

"Usiseme hapa."

Alimwambia yaliyobaki kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlango. Kwamba zamani maadui waliofuata ng'ombe walilala mdomoni mwa pango siku mbili, hawajui kama ndani kuna watu. Watu walikuwa ishirini na wawili. Mtoto mchanga mmoja akaanza kulia. Mama yake akamziba mdomo kwa mkono, na hakuutoa hadi maadui walipoondoka. Wote walipona, isipokuwa huyo mtoto. Ukoo ulipohama pango, mwanamke yule alikataa kutoka.

"Mkono huo ndio ulituokoa sisi wote," Mama Kimeli alisema. "Mimi, Kimeli, hata huyu. Na hakuna aliyetaka mwanamke huyo arudi, aanze kunyonya nyumbani kwake. Kwa hiyo tunaishia jina la tatu, kwa ugoro. Mama mkwe wangu alifanya hivyo. Na wake pia."

"Si mngeniambia?"

"Ungekubali mtoto aitiwe wafu wetu?"

Nabwile alimhamishia mtoto titi la pili.

Mwezi wa Agosti alimpeleka mtoto Kitale kwa sindano ya surua. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtoto aliyedungwa alipiga kelele hadi wengine wakaanza kulia kabla ya zamu yao. Wa Nabwile alikaa kimya, akiangalia mlango. Nesi alimdunga. Mdomo ulifunguka wote, machozi yakatiririka, mwili ukatetemeka.

Sauti haikutoka.

"Huyu ni mpole," nesi alisema. "Nyumbani pia hivi?"

Nabwile alisema ndiyo. Hakusema kwamba tangu Februari hajamsikia akilia hata mara moja. Alikuwa akimtazama mtoto, ambaye alikuwa amegeukia kitoto cha mama aliyeketi karibu nao, kilichokuwa kikipiga mayowe. Binti yake alikuwa amenyoosha mkono. Kiganja kilikuwa wazi, vidole vimebanana, na kilikuwa kikienda, polepole, kwenye mdomo wa yule mwenzake.