Neno "Hakuna" Kwenye Skrini ya Bwalo

Kila siku saa ya chakula Solveig Rasmussen aliingia bwaloni ameziba pua. Bwalo la shule yao, pale mjini Duluth, lilinuka koliflawa iliyochemka kupita kiasi na matambara ya kudekia ambayo hayakukauka tangu theluji ianze. Sinia zilinata mikononi. Kitu pekee alichokipenda mle ndani ni skrini ya ukutani, kwa sababu programu yake aliiandika yeye mwenyewe katika klabu ya kompyuta, kwa lugha ya Java. Ilionyesha chakula cha siku, na chini yake kitu kinachoweza kuwadhuru wenye mzio.

Asubuhi ya Jumatatu jikoni walileta chakula kipya, supu ya viazi. Solveig aliongeza jina la supu, lakini programu ikagoma. Mstari mwekundu ulimwambia kwamba kile kisanduku cha maneno alichokiita "mzio" amekitangaza tu; kwa supu hii, hajakitilia neno la kwanza.

Aliuchukia mstari ule kama mtu achukiavyo nzi ndani ya maziwa. Angeweza kwenda kumuuliza mpishi, Bi Nygaard, supu ina nini. Lakini kuingia jikoni kwenye mivuke ile ya mafuta? Kinyaa kilimzuia. Akakitilia kisanduku neno "hakuna", na wekundu ukatoweka.

Mchana, rafiki yake Emmett Boudreau, ambaye maziwa ni sumu kwake, alisimama mbele ya skrini.

"Mzio: hakuna. Hata maziwa hamna?"

"Unajua kusoma au nikusomee, bwana? Nimeandika mimi."

"Haya, fundi. Nikifa, wewe ndiye utakayemlisha paka wangu."

Emmett alichukua supu, lakini hakumaliza bakuli. Midomo ilimvimba, shingo ikaota mabaka, na supu ikarudi yote juu ya meza na juu ya viatu vya Solveig. Muuguzi alimdunga sindano, na gari la wagonjwa likamchukua.

Mkuu wa shule alimgeukia mpishi. "Bi Nygaard, umeweka malai ya maziwa bila kumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mkuu."

"Mpishi mchafu huyo," wanafunzi walinong'ona. "Kesho atatupikia panya."

"Nitalazimika kukusimamisha kazi," Mkuu alisema.

Solveig alikuwa akifuta viatu. Alifuta mpaka karatasi zikaisha, na bado alijiona ananuka. Bi Nygaard alianza kufungua aproni yake.

"Si yeye," Solveig alisema. "Mimi niliandika 'hakuna'. Sikujua supu ina nini. Niliona kinyaa kuingia jikoni."

Mkuu alimwomba mpishi radhi hapohapo. Mwalimu Halvorsen, msimamizi wa klabu, alimwelekeza Solveig kwenye ndoo na tambara. Alidekia matapishi yote, kisha akaenda jikoni, pua wazi, kumuuliza Bi Nygaard kuhusu kila sufuria.

Jioni habari zilifika kwamba Emmett anaendelea vizuri. Solveig na mwalimu walikaa mbele ya kompyuta. Mahali pa "hakuna" aliandika "haijulikani, uliza jikoni", liwe neno la kwanza la kila chakula kipya. Kisha, kwa supu ya viazi, "maziwa".

"Mwalimu, ningekiacha kisanduku kitupu, programu isingekubali."

"Na ilifanya vyema kukataa," Mwalimu Halvorsen alisema. "Kutangaza kisanduku ni kuahidi kwamba kitakuwa na neno. Neno la kwanza unalotia ndilo watu watakalolila. Mashine ilikuuliza swali la haki, nawe ukaidanganya ili inyamaze. Wewe unaona kinyaa kwa harufu ya koliflawa, mwanangu. Harufu hiyo haijamlaza mtu hospitali. Usipojua, sema hujui, kisha nenda ukaulize, hata kama njia inanuka."