Chiriku Aliyeacha Kuitika

Seremala na mke wake walikuwa na binti mmoja. Watu walimwita Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa sababu hakunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, na mama yake aliapa kwamba alisema hata usingizini.

Alipofikisha miaka kumi na minane, shule ikiwa imekwisha, Chiriku aliingia karakana ya baba yake kujifunza kazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwaka haujaisha, tayari aliweza kutengeneza meza isiyoyumba.

Lakini mwaka huohuo maneno yalimpungua. Kila asubuhi alichomeka hedifoni, vile vidude vya kusikilizia simu, akavizamisha masikioni. Alisikiliza muziki na vichekesho. Alisikiliza pia mafundi wa mbali waliofundisha useremala kwenye simu. Mashine ya kuranda mbao ilipoanza kunguruma, muziki ulimezwa. Basi Chiriku aliongeza sauti. Mashine ilipozimwa, alisahau kupunguza sauti hiyo.

"Chiriku," baba yake aliita. Chiriku aliendelea kupiga msasa. "Wewe, Chiriku."

Seremala alimgusa bega.

"Abee, baba?"

"Nimekuita mara tano."

"Mara tano? Mbona sijasikia?"

"Hujasikia, au hutaki kusikia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Chiriku aliomba radhi. Kesho yake mambo yakawa yaleyale. Seremala alianza kuamini kwamba binti yake ameota pembe. Hilo lilimuuma, maana alikuwa mtoto wake wa pekee na hawakuwahi kukorofishana.

Asubuhi moja, Chiriku alikuwa amechuchumaa akipaka gundi miguu ya stuli. Nyuma yake mbao ndefu ziliegemezwa ukutani. Seremala alikuwa upande wa pili wa karakana alipoona mbao zile zinaanza kuteleza.

"Toka hapo," alipaza sauti. "Chiriku, toka."

Chiriku hakugeuka. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu kufuata muziki. Seremala aliruka meza ya kazi, akamvuta mkono. Ubao wa kwanza ulimpiga Chiriku begani. Zilizofuata ziliiangukia stuli, zikaivunja miguu yote minne.

Bega lilivimba, lakini mfupa ulikuwa salama. Seremala alikaa chini kwenye maranda ya mbao. Hofu ilipomtoka, hasira ikaingia.

"Lete hiyo simu."

Aliichukua pamoja na hedifoni zake, akazifungia ndani ya mtoto wa meza.

"Tatizo limekwisha," alimwambia mkewe wakati wa chakula.

Halikuisha. Siku ya tatu bila simu, mama alikuwa akifua uani. Chiriku alikuwa ndani, hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Chiriku, niletee sabuni."

Sabuni haikuja. Mama aliingia ndani akiwa na mikono iliyojaa povu, akamkuta binti yake akiangalia jikoni.

"Mama, umeinjika birika?"

"Birika gani? Jiko limezimwa tangu asubuhi."

"Basi nini kinalia?"

Mama alisikiliza. Hakuna kilicholia. "Mlio huo ukoje, mwanangu?"

"Kama nyenje. Mwembamba, haukomi. Unakuja na kuondoka tangu miezi miwili iliyopita. Siku hizi hauondoki."

"Na hukusema?"

"Niliogopa baba atasema ni simu."

Mama hakugombana naye. Alikausha mikono, akaenda karakana kumwambia mumewe. Kesho yake wote watatu walikuwa zahanati, mbele ya muuguzi wa masikio.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya taratibu. Kwanza alimulika masikio ya Chiriku kwa taa ndogo. Nta haikuyaziba, wala hapakuwa na usaha. Kisha alimwingiza kwenye chumba kidogo chenye utulivu, akamvisha kifaa masikioni.

"Ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, inua mkono."

Mkono wa Chiriku uliinuka, ukashuka, ukainuka. Halafu ulikaa magotini muda mrefu, na muuguzi bado alikuwa akibonyeza. Mama aliliona hilo kupitia kioo. Machozi yalimlengalenga.

Walipokaa tena, muuguzi aliwaonyesha mchoro wa kipimo, wenye mstari ulioshuka pale Chiriku aliposhindwa kusikia.

"Milio mizito anaisikia vizuri. Ile myembamba imeanza kumpotea. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo sana. Hivyo ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa ikivipiga kila siku, vinalala kama nyasi zilizokanyagwa. Vikikanyagwa sana, vinakufa. Vikifa havioti tena."

"Dawa yake?" Seremala aliuliza kwa sauti kubwa.

"Hakuna. Vilivyokufa vimekufa. Lakini vilivyobaki vinaweza kulindwa, na mlio ule huenda ukapungua. Msimtie mafuta wala dawa ya kienyeji sikioni."

Seremala alimgeukia mkewe. "Unaona? Nilisema mimi. Simu imemharibu mtoto. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Simu ina sehemu yake," muuguzi alisema. "Binti, kwa nini ulikuwa unaongeza sauti?"

"Ili nishinde mashine ya kuranda."

"Hapo ndipo palipo na kosa. Kelele haiponywi kwa kelele. Sikio lilipigwa na mashine, likapigwa na muziki." Kisha alimtazama Seremala. "Na wewe, mzee? Umefanya kazi na mashine hiyo miaka mingapi?"

"Eti?"

"Miaka mingapi kwenye mashine?"

"Ishirini na sita. Mimi sina shida, nimezoea."

"Sikio halizoei, mzee. Ukiona kelele haikusumbui tena, pengine ni kwa sababu huisikii. Ingia nikupime."

Seremala alisitasita. Mkewe akamsukuma kidogo. "Ingia, baba Chiriku. Nyani haoni kundule."

Aliingia. Mkono wake uliinuka mara chache mno. Alipotoka, alidhani kifaa kimeharibika.

Muuguzi aliiweka michoro miwili pamoja. Mstari wa Chiriku ulishuka kidogo mwishoni. Wa Seremala uliporomoka tangu katikati. Seremala aliufuata mstari wake kwa kidole hadi mwisho.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

Muuguzi aliwaeleza. Mashine ikiwaka, wote wavae vikinga masikio, vile vikubwa vinavyofunika sikio lote. Hedifoni zisivaliwe kamwe kazini, maana zinaficha hatari. Nyumbani, sauti ya simu iishie kidogo tu juu ya nusu. Kila baada ya saa moja masikio yapumzike.

"Na kama mtu aliyekaa karibu nawe analazimika kupaza sauti ili umsikie," alimalizia, "jua sauti ya simu imezidi."

Walipofika nyumbani, Seremala alifungua mtoto wa meza, akamrudishia binti yake simu. "Nilikuhukumu kabla sijajua," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Chiriku aliweka kikomo cha sauti kwenye simu, ili hata akisahau isipande zaidi. Kisha akatafuta programu ya kupima kelele. Alisimama kando ya mashine ya kuranda, vikinga vikiwa masikioni, akamwonyesha baba yake namba za desibeli, yaani ukubwa wa kelele, zinavyopanda. Zilipita mia moja.

"Themanini na tano ndiyo mpaka kwa mtu anayeshinda kwenye kelele kutwa nzima," alimwambia mashine ilipozimwa. "Sisi tulikuwa tunaishi juu ya mpaka."

Seremala alisogeza mashine ile hadi kwenye kibanda cha nyuma. Akapanga kazi zote za kuranda zifanyike asubuhi, ili saa zinazobaki ziwe za utulivu.

Miezi sita baadaye walirudi kupimwa. Mstari wa Chiriku ulikuwa palepale, haujashuka tena. Mlio wa nyenje alikuwa anausikia mara mojamoja tu, akiwa amechoka. Mstari wa Seremala haukupanda, lakini nao haukushuka.

Kilichobadilika zaidi kilikuwa nyumbani. Siku moja walikuwa wanakula. Mke wa Seremala alisema jambo kwa sauti ya chini. Zamani Seremala angetikisa kichwa tu na kuendelea kula. Safari hii aliweka kijiko chini.

"Sikusikia, mke wangu. Nigeukie, urudie."

Mkewe aligeuza kiti, akamtazama usoni. "Miaka yote hii nilidhani unanipuuza," alisema. "Kumbe ulikuwa hunisikii."

"Nilikuwa naona haya kuuliza."

"Basi kaa vizuri," mkewe alisema, "maana nina mengi ya kukusimulia."

Alianza kusimulia. Chiriku naye akadakia, na chakula kikapoa mezani.