Vishindo Viwili

Batuli alitua mara moja, lakini mama yake alisikia vishindo viwili. Mama huyo, Zaitun, aliziacha shuka za Wajerumani ndani ya beseni, akatazama. Uani hapakuwa na mwingine ila binti yake na Bibi Klara, mke wa ofisa, aliyekuwa mcheza dansi wa jukwaani kwao Ulaya kabla ya kuolewa na kuletwa Dodoma.

"Tena!" alisema bibi.

Batuli akakimbia kutoka kisimani, akaruka, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, akapiga msamba hewani juu ya kile kipande cha ardhi kisichoota hata mbigili, akatua karibu na ukuta wa jiko. Kishindo. Kisha kingine, kizito zaidi. Ikaja harufu ya udongo ulionyeshewa, na Ugogo mwaka ule haukuwa umeona tone.

Zaitun akarudi kwenye beseni lake. Mumewe Hasani, aliyetoroka kazi ya reli, alikuwa mnyororoni kwa mwezi wa nne sasa, akikohoa damu. Bibi alikuwa ameahidi: mtoto akiruka vizuri mbele ya wageni siku ya sikukuu ya Kaisari, Hasani atafunguliwa. Mfa maji hukamata maji.

Bibi alipolala mchana, Zaitun alimwingiza uani mwalimu Mustapha, mganga na Mrangi mwenzao, ili apaangalie mahali pale.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alifika kwenye kile kipande, akarudi nyuma upesi. Akanong'ona, "Ukimruka mtu aliyelala, hufanyaje?"

"Namruka kurudi, asidhurike."

"Hapa amelala mwenyewe wa ardhi hii, naye si mtu. Mtoto amemruka siku ngapi?"

"Mwezi mzima."

"Akarudi?"

Zaitun aliutazama ukuta. Toka ukutani hadi kile kipande palikuwa na hatua tatu tu. Hata mbuzi asingepata nafasi ya kukimbia kabla ya kuruka.

"Arudi kwa mruko uleule," alisema mwalimu. "La sivyo, mwenyewe ataamka."

Alasiri ile Batuli alijaribu kutoka ukutani, akaanguka katikati, akajaribu tena, akaanguka palepale, na kila alipoanguka alichelewa zaidi kuinuka, na udongo chini yake ukawa na joto la godoro lililotoka kulaliwa, mpaka mama yake akamvuta kwa nguvu huku wote wawili wakilia.

Siku ya sikukuu wageni walijaa uani. Batuli akaruka msamba ambao bibi mwenyewe aliutolea machozi. Wote wakapiga makofi isipokuwa Zaitun, kwa maana alikuwa amesikia kishindo kimoja tu, kile kizito.

Hasani alifunguliwa. Adhuhuri ya siku ya pili alikuwa amelala mkekani, akipumua kwa shida. Batuli akaingia na harufu ya udongo mbichi, akainua mguu, akamruka baba yake.

"Rudi, mwanangu," Zaitun alinong'ona. "Mruke baba yako kurudi."

Batuli akaketi upande wa pili. Kikohozi kikakoma. Pumzi nayo ikakatika.

Ndipo binti akamgeukia mama yake, akasema kwa upole, "Nawe lala, mama. Umechoka."