Fungua Chini

Haya yalimpata rafiki yangu Dainess, muuguzi kutoka Njombe, mwaka ule wakimbizi wa Kongo walipokuwa wakivuka ziwa kuja Kigoma.

Dirisha la wodi yake pale Kigoma lilikuwa refu, na pazia lake lilikuwa na kamba mbili: moja ya kulishusha kutoka juu, nyingine ya kulipandisha kutoka chini. Dainess alipenda kulishusha juu, mwanga uingie, wapita njia wasichungulie wagonjwa.

"Dada, fungua chini," aliomba Mama Asende, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, ambaye mwanawe mdogo alipotea siku ya kuvuka. "Asende ni mufupi. Kule juu hataniona."

"Na wanaume wa barabarani?"

"Waangalie tu. Nimekauka kama kuni, wataona nini?"

Dainess alicheka, akaahidi. Kila asubuhi akafungua chini shibiri moja. Lakini siku Mama Asende alipozidiwa, watu walijazana nje kutazama, Dainess akalifunga ili kumsitiri. Mama alikata roho akiwa amelielekea pazia.

Kesho yake alasiri, mvua kubwa iliitia wodi giza. Dainess alikuwa peke yake, akitandika kitanda kile, aliposikia kamba ikikwaruza polepole. Pazia lilipanda kutoka chini, shibiri moja, likasimama.

Aliinama pale alipokuwa, ng'ambo ya kitanda. Sehemu ya chini ya kioo, kwa nje, palikuwa na ukungu mdogo wa pumzi, ukitanuka na kusinyaa.

Kwa ndani, ukiuelekea ule, palikuwa na ukungu mwingine, mkubwa zaidi.