Visanduku vya Injinia Mung'ong'o

Mwaka 2096, jijini Dodoma, mashine iitwayo kibodi-fikra ilichapa kurasa elfu nne za Kigiriki cha kale kwa dakika tatu, bila kuguswa na kidole cha mtu. Kando yake alisimama mvumbuzi, Profesa Daktari Injinia Barakieli Mung'ong'o, mtu ambaye vyeo vyake vilitangulia kuingia ukumbini, mwenyewe akafuata baadaye.

Kwa faida ya wasiojua, Kigiriki cha kale kina herufi zake, na juu ya herufi hizo hutua alama ndogo za pumzi na mkazo, kama inzi juu ya embe. Kwa miaka arobaini Bi Tekla Haule, mchapaji wa taasisi ya maandishi ya kale, alizichapa moja moja kwenye kibodi yake maalumu. Alinakili barua ambazo tabibu mmoja wa kale alimwandikia bintiye, kutoka kitabu kisicho na mwenzake duniani. Alipomaliza yeye, mchwa nao wakakimaliza kitabu. Ikabaki kazi yake tu.

Injinia aliona kazi hiyo nzito. Fonti za Bi Tekla, yaani maumbo yenyewe ya herufi, ziliichelewesha mashine kwa sekunde kumi na moja. Akaimezesha mashine zile barua, kisha akazifuta fonti pamoja na mafaili yote ya zamani, maana mwenye gari hafugi punda.

Sasa herufi ikikosa umbo, mashine haioni haya. Huchora kisanduku kitupu na kusonga mbele. Ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa umejaa visanduku, safu kwa safu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema Injinia kwa unyenyekevu wa jogoo, "hiki ndicho Kigiriki!"

Mgeni rasmi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesoma akaelewa. "Wazee wale walikuwa na akili. Ona mpangilio huo!"

"Nadhifu mno, mheshimiwa," alijibu Injinia, ambaye hakuwahi kujifunza hata herufi moja.

"Makofi ya kilo!" aliamuru roboti mshereheshaji. Yakapigwa.

"Nani atusomee kidogo?" aliuliza roboti.

Bi Tekla alitoka safu ya nyuma, barua ya kustaafishwa ikiwa mkobani. Aliutazama ukuta.

"Mwanangu Barakieli, mafaili yangu yako wapi?"

"Mama, huko tumeshahama."

"Na karatasi nilizotoa chapa?"

"Zimechakatwa. Ndizo hivi viti walivyokalia wageni. Tunatunza mazingira, Mama."

 Bi Tekla alifumba macho, akafasiri kutoka kichwani: "Binti yangu, mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo nitaandika machache. Kabla sijafa nina jambo moja la kukuomba..."

Akafumbua macho.

"Jambo gani?" aliuliza mgeni rasmi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa akisikiliza.

"Limenitoka, mheshimiwa. Nilichapa kurasa elfu nne ili nisilazimike kulikumbuka." Akanyoosha kidole ukutani. "Lakini lipo hapo. Anzia kisanduku cha tano."

Mgeni rasmi alivikodolea macho visanduku. Injinia akamkonyeza roboti.

"Makofi ya kilo!"

Ukumbi mzima ukainuka kutoka kwenye zile kurasa elfu nne, ukapiga makofi.