Aliyehamia Tumboni mwa Matano

Sikizeni niwape hii, na anayekula aweke sahani chini kwanza. Twaiba wa kule Tiwi alikuwa anampaka mumewe mafuta ya nazi tumboni, mchana kweupe, akasikia kitu kinapumua ndani. Vuu. Vuu. Akainua macho: Matano kabana pumzi, naye anakisikiliza hicho hicho.

"Usimwambie mama," Matano akamnong'oneza.

Lakini mamake, Bi Chiku, ana masikio kuliko popo. Matano katoka hospitali wiki ile, kongosho limemvimba vibaya, na daktari kamwonya Twaiba: akiona damu, ya mdomoni au ya chooni, asingoje hata kuvaa viatu. Bi Chiku akasema kongosho ni jina tu walilompa jini wasiyemjua. Jini ataka damu, apewe, aende zake. Akaitwa mganga Kahaso, mbuzi akachinjwa, kayamba zikaanza kutikiswa. Matano akafunikwa shuka nyekundu, akapewa bakuli la damu ya moto anywe.

Alitia mdomoni tu. Mganga alipogeuka akaitemea yote kwenye leso ya Twaiba.

Alasiri akatapika damu, ikaja na nyingine, ina mapande kama maini, na ua mzima ukapiga vigelegele kwamba jini anarudisha ya mbuzi, anaaga huyo, na kayamba zikazidi, na harufu ya machinjio ikapanda mpaka kooni, na Matano akageuka rangi ya jivu watu wakicheza, na Twaiba kasimama katikati yao na leso yake imelowa mkononi.

"Mama," akasema polepole, "ya mbuzi ninayo mimi hapa. Hiyo ni ya mwanao."

Bi Chiku akapiga yowe kayamba zinyamaze, gari litafutwe.

Wakamkimbiza kwa tuktuk, kisha ambulensi mpaka hospitali kubwa. Akaongezwa damu, mfuko juu ya mfuko. Daktari Beryl akapitisha mpira mwembamba pajani, akaufuata mshipa mpaka ulipotoboka karibu na kongosho, akauziba kwa vijiwaya vya kujikunja. Damu ikakata. Twaiba alilia mpaka akacheka, na wauguzi wakacheka naye.

Asubuhi alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Matano kafumba macho, usingizi mzito. Mdomo ukafunguka, ikatoka sauti ya mwanamke, ya chini, yenye adabu zake.

"Dada, nilikuwa nishatoka nusu. Haya, maadamu mmeniziba njia, nitakaa."