Nyumba Inauzwa, Ila Jirani Ana Ngoma

"Nyumba ni nzuri, kaka, sikufichi," Fundi Umeme alisema akifungua dirisha la sebuleni. "Imesimama peke yake, uzio wake, shule pale kona, zahanati mkono wa kushoto, bustani ya watoto kwa nyuma. Mtoto akianguka kwenye bembea, anatibiwa kabla hajamaliza kulia."

Mke wa mteja akacheka. Mumewe akaanza kulipimia jiko kabati kwa macho, kama mtu aliyekwisha kuhamia.

Fundi akalifunga dirisha haraka.

"Ila..."

"Ila nini tena?"

"Jirani. Anapiga ngoma usiku kucha."

"Polisi hamjawaita?"

"Walikuja. Wakacheza."

Wale wawili wakaondoka hata choo hawajakiona.

Jirani mwenyewe alikuwa yeye Fundi, na ngoma hakuwa nayo hata ya kuazima. Alikuwa na funguo za nyumba ya mpenzi wake, Nesi, na kigeti walichokitoboa wenyewe kwenye uzio ili wasizunguke barabarani kufuatana. Sasa kigeti kimeota kutu. Nesi alipopata kazi hospitali ya mbali, Fundi alitaka kusema "nitakusubiri", hasira ikamtangulia:

"Basi uza na nyumba, tujue moja!"

"Haya," Nesi akamrushia funguo. "Niuzie wewe."

Tangu hapo, kila jioni Fundi huvuka kigeti kuwasha taa ya baraza ya nyumba isiyo na mtu.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni Nesi; wao huitana "Jirani".

"Jirani, wateja wamekimbia tena. Wananiambia mambo ya ngoma. Kuna nini huko?"

Akaandika: "Nimekukumbuka mpaka naongea na kitasa chako." Akafuta. Akatuma: "Soko gumu."

"Jumamosi anakuja mteja wa mwisho. Akikataa, nampa dalali."

Fundi akakaa chini. Dalali angeiuza kabla ya chai kupoa.

Jumamosi geti likagongwa. Akafungua. Nesi, na begi lake.

"Mteja yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Si mimi hapa? Nionyeshe nyumba."

"Jirani, usinitanie."

"Mteja hatanii. Twende."

Ulimi uliozoea kutania ukawa mzito kama gunia la misumari.

"Hili jiko. Hapa ulinicheka nilipounguza maji ya chai."

"Maji, Jirani! Endelea."

"Hii baraza. Taa yake nawasha kila jioni."

"Kwa ajili ya nani?"

"Labda ungerudi kukiwa na giza."

Nesi akageuza uso, akajifanya anakagua ukuta.

"Kasoro?"

"Moja tu. Haina wewe ndani."

"Na huyo jirani?"

"Mjinga. Alisema uza, moyoni akisema usiende."

"Nilijua." Machozi na kicheko vikamtoka pamoja. "Kwani ningetaka iuzwe kweli, ningekupa wewe funguo? Nilikuwa nangoja useme. Ningezeeka!"

"Na kazi yako?"

"Nimeomba uhamisho, wamenikubalia. Jumatatu naanza zahanati yako ya mkono wa kushoto."

Fundi akampokea begi.

"Sasa," Nesi akajifuta macho, "ngoma iko wapi?"

"Sina ngoma, Jirani."

"Katafute. Unadhani nitaolewa kwa makofi matupu?"